Mikorosho Kumi na Tisa

Chennai, India
Jumanne, 4 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na wewe Yahya, mdogo wangu, hujambo?

Nimefika! Nimefika salama, Baba, na miguu yangu imekanyaga India. Tangu jana najifinya nione kama naota. Najua hupendi simu ya kuongea, unasema sauti ikikatika inamwacha mtu njiani. Kwa hiyo nitafanya tulivyopatana: naandika kwa mkono kwenye daftari, napiga picha, namtumia Yahya, naye anakusomea. Yahya, msomee taratibu na usiruke hata mstari. Macho ya Baba yamechoka, masikio bado ni ya kijana.

Tuko watatu kutoka mkoa wetu. Mimi na kitalu changu cha miche pale Masaki, ambacho watu walikuwa wanakicheka. Didas, mkulima wa mboga kutoka Mlandizi, mtu mrefu kama nguzo ya umeme. Na Bi Tereza, afisa kilimo, ndiye kiongozi wetu na mkalimani wetu kwa Kiingereza. Kesho alfajiri tunaingia barabarani. Gari dogo, dereva anaitwa Murugan, na safari ni ya siku nyingi: tunashuka kusini, tunakatiza bara mpaka tuvuke milima, kisha tunapanda kwenye vilima vya kaskazini mwa Kerala. Huko kuna shamba la mikorosho la mwanamke mmoja ambalo watu wanatoka mbali kwenda kuliona. Shamba hilo ndilo lililonileta, Baba. Mengine yote ni njia tu.

Jana usiku tumekula wali juu ya jani la mgomba. Didas alitia pilipili mdomoni akidhani ni bamia. Machozi yalimtoka mpaka mwenye hoteli akaja kumpa pole ya msiba.

Nitamweleza huyo mama habari za mikorosho yako kumi na tisa. Nitamwambia baba yangu aliipanda kwa mkono wake mwaka niliozaliwa.

Mwanao,
Mwanne


Masaki, Kisarawe
Ijumaa, 7 Februari 2025

Dada Mwanne,

Shikamoo. Barua imefika na picha zinasomeka vizuri. Nimemsomea Baba jana baada ya alasiri, amekaa uani kwenye mkeka wake. Pale pa Didas na pilipili amecheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie asisahau kula, na asimcheke mwenzake sana."

Huku kwema. Mvua bado. Miche yako namwagilia asubuhi na jioni, usiwe na wasiwasi. Kuku wapo. Shamba nalo lipo.

Firdausi wangu anakusalimia. Anauliza kama vitenge vya huko ni bei nafuu, lakini mimi nimemwambia umekwenda kusoma, hukwenda sokoni.

Mdogo wako,
Yahya


Salem, India
Jumatatu, 10 Februari 2025

Baba, shikamoo,

Leo nina mengi, sijui nianzie wapi. Yahya, kaa vizuri.

Baba, wanalima muhogo! Nilidhani muhogo ni wetu peke yetu watu wa Kisarawe. Tangu asubuhi tumepita muhogo kushoto, muhogo kulia, na malori yaliyojaa muhogo mpaka matairi yanalia. Nikamwambia Murugan, "Simama!" kwa Kiswahili, naye akasimama, maana sauti yangu haikuhitaji mkalimani. Nikashuka nikakimbilia shambani nikashika majani. Ni yale yale! Mwenye shamba akaja ananishangaa. Bi Tereza akamweleza kwamba mimi nimetoka Afrika na nafurahi kuona muhogo. Yule baba akacheka, akaning'olea shina zima, mizizi mitano minene kama mapaja ya mtoto.

Tukapelekwa kiwandani. Wanausaga, wanatoa wanga, wanaufinyanga kuwa punje nyeupe kama lulu ndogo, kisha wanaanika uwanja mzima. Jua linapiga pale, macho yanauma kwa weupe. Nikawauliza kisamvu mnapikaje? Wakatazamana. Hawali, Baba! Kisamvu chote kinabaki shambani! Didas alishika kichwa kwa mikono miwili akasema, "Hawa watu wamelala na njaa kando ya sufuria."

Njia yote hii ni ya kutazama. Ng'ombe wana pembe zilizopakwa rangi, moja bluu moja nyekundu. Alfajiri wanawake wanachora maua kwa unga wa mchele mbele ya mlango, na mpaka jioni kuku wameshayala. Mwenye chai anaimimina toka juu ya kichwa mpaka kiunoni, haimwagiki hata tone. Tulipita pia mikorosho, maili kwa maili, lakini Bi Tereza anasema ningoje, tunakokwenda ni zaidi.

Sasa Baba, nina swali, na nataka jibu lako mwenyewe. Ule msimu ambao ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe, ulishika mikorosho yote ikakauka maua, kuna mti mmoja ulizaa. Ulikuwa upi? Huyo mama tunayekwenda kwake anachagua miti mama kwa historia yake, nami nataka kumpa historia kamili.

Mwanao anayeshindwa kulala kwa furaha,
Mwanne


Masaki
Jumatano, 12 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Barua tumeipata. Baba amefurahi kuhusu muhogo. Kuhusu mti uliozaa, anasema miti yote ni sawa tu.

Mtandao unasumbua, ndiyo maana hunipati ukipiga.

Yahya


Mbwawa, Kibaha
Alhamisi, 13 Februari 2025

Kwako Mwanne,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Mimi shangazi yako Maulida nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, na sijawahi kumfundisha mtoto kusahau wazazi. Naandika kwa mkono wangu, na jirani yangu Jenifa ndiye anayepiga picha na kukutumia.

Nataka nikuulize swali moja. Baba yako amekukosea nini? Una siku kumi ugenini, hujamletea hata salamu. Kila jioni ananiuliza, "Maulida, mtoto hajaandika?" Nami namjibu, "Labda ana kazi." Nimechoka kumtungia.

Labda hujui aliko. Basi ujue. Kaka yangu yuko hapa kwangu tangu tarehe tano. Alikuja na mfuko mmoja na bakora yake. Siku ya pili ndipo aliponieleza. Yahya ameikata mikorosho. Yote. Alianza siku ile ile ulipopanda ndege. Baba yako alikuwa msibani Maneromango, amerudi amekuta uwazi. Macho yake hayaoni vizuri, lakini aliniambia, "Niliingia shambani nikasikia upepo unapita bila kugusa kitu."

Alinikataza nisikwambie, alisema usiharibiwe safari. Lakini mimi sikulelewa kunyamaza.

Anakula kidogo. Hasemi na Yahya, na Yahya hajaleta pua yake hapa.

Shangazi yako,
Maulida


Palakkad, India
Ijumaa, 14 Februari 2025

Yahya,

Nimekupigia mara tisa.

"Baba amecheka mpaka akakohoa." Wewe! Baba yuko Mbwawa, ameondoka nyumbani kwake mwenyewe na mfuko mmoja, na wewe unanitungia kicheko chake. Hiyo "miti yote ni sawa tu" nilipoisoma nikajua Baba anaumwa sana, maana Baba hawezi kusema neno hilo akiwa mzima. Anajua kila mti kama mtu anavyojua watoto wake. Nimekaa siku mbili kwenye gari sioni njia, nawaza homa, nawaza hospitali. Nilikuwa nimeshamwambia Bi Tereza anitafutie ndege nirudi.

Kumbe haumwi. Kumbe umemvunja.

Ulisubiri nipande ndege. Hilo ndilo sijui nitalimeza vipi.

Sema ukweli. Wote.

Mwanne


Masaki
Jumamosi, 15 Februari 2025

Dada Mwanne,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Nitasema wote. Ndiyo, nilisubiri uondoke. Ungekuwepo ungenizuia, na ningekusikiliza kama siku zote. Nina miaka ishirini na saba, dada. Misimu mitatu ile miti imetoa maua meupe ya ugonjwa na korosho za kujaza kofia moja. Kila nikisema tupande mananasi, Baba anasema "subiri." Nimesubiri. Nataka kumwoa Firdausi, na wazee wake wananiuliza, kijana unalima nini? Nawajibu nalima kusubiri?

Nilidhani Baba akirudi akute kazi imekwisha, atakasirika siku mbili, atazoea. Alirudi saa kumi jioni. Alitembea kisiki hadi kisiki, anagusa kila kimoja kwa mkono. Alipofika cha mwisho akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Haya." Hakupaza sauti. Kulipokucha alikuwa ameshaondoka. Angenichapa bakora ningepona.

Barua yako ya kwanza ikaingia kesho yake. Niliona aibu kukwambia. Nikakaa uani, nikatandika mkeka wake, nikaisoma kwa sauti, taratibu, bila kuruka mstari kama ulivyoagiza. Hakukuwa na mtu. Pale pa Didas nikajiuliza Baba angesema nini, nikaandika hilo. Ya pili pia niliisoma kwa sauti. Lakini ulipouliza mti uliozaa nikakwama, maana sijui. Sikuwahi kumuuliza.

Lililotendeka limetendeka. Magogo nimeshachoma mkaa nusu. Visiki viwili nimeng'oa mwenyewe, vimenishinda nguvu, kwa hiyo nimepatana na vijana wanne waje Alhamisi tarehe ishirini wang'oe vyote vilivyobaki. Mvua za masika zikianza nataka ardhi iwe safi. Baada ya hapo nitamfuata Baba, niende na kitu cha kumwonyesha.

Nisamehe au usinisamehe. Usirudi kabla hujaliona shamba lile lililokupeleka.

Yahya


Vilima vya kaskazini mwa Kerala
Jumanne, 18 Februari 2025

YAHYA USING'OE VISIKI. USING'OE HATA KIMOJA. Soma hili kwanza, kisha endelea.

Huku shambani hakuna mtandao hata kidogo. Murugan anashuka mjini kesho jioni, nitakwenda naye nikatafute mnara. Namwomba Mungu ikufikie kabla ya hao vijana.

Tumefika jana. Barabara ilipanda vilima kwa kona hata Didas akaacha kuongea. Udongo mwekundu, mapapai, mipilipili manga imekumbatia minazi. Mwenye shamba anaitwa Bi Nafisa. Mwislamu, mfupi, mkakamavu, kitambaa kichwani na panga kiunoni. Nilipomsalimia "Assalaamu alaykum" aliitikia kwa furaha akanikumbatia kama ndugu. Akatuandalia muhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki. Kwa mara ya kwanza tangu barua ya Shangazi nikala nikashiba.

Kisha akatupeleka shambani. Yahya, tulipita kona ya ukuta nikaona visiki. Safu kwa safu, mikorosho imekatwa usawa wa kiuno. Nilikaa chini pale pale nikalia mbele za watu. Niliona shamba letu.

Bi Nafisa akaogopa, akauliza, "Ana nini?" Bi Tereza akamweleza: huyu mdogo wake amekata miti ya baba yao. Yule mama akauliza, "Amekata au ameng'oa?" Bi Tereza akanigeukia. Nikasema, amekata, anataka kung'oa.

Mama akaanza kucheka! Nilitaka kumkasirikia. Akanishika mkono akaninyanyua, akanivuta kama mbuzi mpaka kwenye safu inayofuata. Pale kuna mashina manene, ya zamani, yana makovu, na juu yake vichwa vichanga, vya kijani kibichi, vimejaa korosho mpaka matawi yanainama. Akapiga shina kwa kiganja akasema maneno, na Bi Tereza akatafsiri: "Huyu ana miaka arobaini chini na miaka mitatu juu."

Ameikata yeye mwenyewe, Yahya. Kwa makusudi! Miti iliyozeeka na kuugua anaikata, inachipua, anachagua machipukizi yenye nguvu, na yakifika unene wa penseli anayabebesha vikonyo, yaani anayaunganisha na vijiti vichanga vya miti bora. Kubebesha ni kile kile ninachofanya kwenye kitalu changu kila mwaka kwa miche midogo! Sikuwahi kuwaza kwamba naweza kubebesha mzee. Mizizi ya Baba imeshashuka chini miaka thelathini na sita, imeshajua maji yalipo. Mche mpya utahangaika miaka. Huyu mwaka wa pili anazaa. Nimerukaruka pale kama mtoto, Didas naye akaruka bila kujua kwa nini.

Sikufichi: si vyote vitapona. Kuna mdudu anatoboa mashina yaliyokatwa, anaua. Ulipochomea mkaa karibu, moto umeua. Bi Nafisa amenionyesha nawe fanya hivi: kwaruza gome kwa ukucha. Ukikuta ubichi wa kijani, kiko hai. Ukikuta kahawia kavu, kimekwenda. Vilivyo hai, sawazisha kichwa kwa msumeno, kikae mshazari maji yasituame. Paka tope la udongo na samadi lililochanganywa na mafuta ya mwarobaini. Machipukizi yakitoka usiyaguse mpaka nije. Vikonyo tutaviomba hapo hapo nyumbani, kwenye miti bora ya kwetu.

Lakini kabla ya yote hayo, nenda Mbwawa. Usiende na kitu cha kuonyesha. Nenda mtupu. Msomee Baba barua hii mwenyewe, hata pale nilipolia, hata pale ulipokosea. Yale ni mashina yake. Akisema yang'olewe, yang'olewe.

Bado nina hasira nawe. Lakini leo nina furaha kuliko hasira, nimeshindwa kuzipanga.

Dada yako,
Mwanne


Masaki
Ijumaa, 21 Februari 2025

Dada Mwanne, shikamoo,

Barua yako iliingia jana saa moja asubuhi. Vijana walikuwa wameshafika na majembe na sururu, mmoja ameshaanza kuchimba. Nilisoma mstari wa kwanza nikapiga kelele, "Acheni!" mpaka yule akatupa sururu akidhani kuna nyoka. Wakaniona nimerukwa na akili. Nikawapikia chai, nikawaomba radhi, wakaondoka wananisema.

Nikawasha pikipiki. Njia nzima mpaka Mbwawa nilikuwa napanga maneno, nilipofika getini kwa Shangazi yote yakapotea. Shangazi alinifungulia akanitazama toka juu mpaka chini. "Umekuja na mdomo au umekuja na miguu tu?" Nikasema, "Nimekuja na barua."

Baba alikuwa barazani. Alinijua kwa hatua. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikapiga magoti sakafuni nikaanza kusoma hii ya mwisho. Akaninyamazisha. "Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya nne, Baba. Ya tatu ilikuwa yangu, alinigombeza."

"Zingine ziko wapi?"

"Nilizisoma nyumbani. Peke yangu. Na majibu yako nikayatunga mimi."

Akanigeuzia uso. Kisha akauliza, "Nilijibu nini?"

Nikamwambia: ulicheka, ukasema dada asisahau kula. Shangazi akaguna mlangoni. Baba akasema, "Hapo hukukosea sana. Soma toka mwanzo."

Nikasoma zote, na ya kugombezwa pia. Pale pa kisamvu kubaki shambani alicheka kweli, dada, nakuapia, na Shangazi ni shahidi. Nilipofika pale ulipokaa chini ukalia, nikaweka barua chini. Nikamwambia, "Baba, nimekukosea. Nilitaka uone mimi ni mwanaume, nikakata wakati hupo kama mwizi." Akanyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akauweka pale. Nikamalizia barua na kichwa kikiwa chini ya mkono wake.

Alipoisikia habari ya ukucha akasimama. "Bakora yangu iko wapi? Twende." Shangazi akamwambia ale kwanza. "Nitakula kwangu."

Alikaa nyuma ya pikipiki amenishika kiuno. Tulifika jua bado lipo. Hakuingia ndani, alikwenda moja kwa moja shambani. Anakwaruza mwenyewe kwa ukucha wa dole gumba, ananusa, kisha ananiuliza, "Rangi gani?" Nami nasema kijani, au nasema kahawia. Nilitamani kudanganya mara mbili tatu. Sikudanganya. Sita vimekufa, vingi ni vya upande wa tanuri la mkaa. Viwili nilishang'oa. Kumi na moja viko hai, dada! Na cha nne toka mwembeni, Baba alipokipapasa akaita, "Yahya, njoo uone hapa ni nini." Yalikuwa machipukizi mawili, mekundu, madogo kama masikio ya panya.

Ndio ule mti uliozaa msimu wa ubwiri, dada. Nimemuuliza.

Tope la mwarobaini nimepaka leo tangu asubuhi. Mikono inanuka.

Mdogo wako,
Yahya


Masaki
Jumapili, 23 Februari 2025

Mwanangu Mwanne,

Marahaba ya shikamoo zote hizo nilizokuwa sizipati. Haya ni maneno yangu, Yahya ndiye mwandishi. Nimemwambia aandike kama ninavyosema na asitie chumvi, maana ana kipaji cha kunisemea.

Miye sikukasirikia miti, mwanangu. Miti inazeeka, niliona inazeeka, na nilikuwa naogopa kushika panga. Nilikasirika kwa kuwa niliambiwa kazi ikiwa imekwisha. Lakini nimelala pale kwa Maulida nimejiuliza nami: huyu mtoto ameniuliza mara ngapi, nami nimemwambia subiri? Basi tumekoseana, na tumemalizana.

Nimeamua hivi. Mashina kumi na moja yaliyo hai ni ya kubebeshwa, nawe ndiye fundi. Upande wa chini, pale visiki vilipokufa na pale vilipong'olewa, ni pa Yahya. Apande mananasi yake, miye sitasema neno juu ya mananasi. Nimetuma mtu kwa wazee wa Firdausi, kuwaambia tutakwenda kuonana nao kabla ya Ramadhani, na wakiuliza kijana analima nini, miye ndiye nitakayejibu.

Huyo Bi Nafisa mpe salamu zangu. Mwambie nimefurahi kusikia kuna mtu mwingine duniani anayeshika shina la mkorosho akasema lina miaka mingapi. Muulize pia ule mdudu wa kutoboa anazuiwaje wakati wa mvua nyingi, maana tope litasafishwa na masika, na hilo Yahya amelisoma mara mbili sikulisikia jibu. Usiondoke bila jibu.

Jumatano tunakuja kukupokea uwanja wa ndege. Yahya anasema pikipiki haitatosha watatu na mizigo, kwa hiyo Maulida amekodi gari na amesema atakaa mbele. Jiandae, ana maneno yako.

Leo asubuhi nimepapasa tena. Ni visiki saba sasa vyenye machipukizi.

Baba yako,
Mwinyimadi